Programu Nafuu za Kusimamia Mtandao wa Ofisi Ndogo Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kazi yangu ni kutunza mitandao ya ofisi ndogo katikati ya jiji, Westlands na Industrial Area, na maswali ninayoulizwa huwa ni yale yale. Nimeyajibu hapa jinsi ninavyoyajibu nikiwa nimesimama mbele ya ruta ya mteja. Ofisi ndogo ninayoizungumzia ni ile yenye kompyuta tano hadi hamsini na isiyo na mtu wa IT wa kudumu.

Tuna kompyuta nane tu na printa moja. Kweli tunahitaji programu ya kusimamia mtandao?

Hebu tuhesabu tena. Kompyuta nane, printa, ruta, swichi (kisanduku cha kuunganishia nyaya za mtandao), vifaa viwili vya kurushia Wi-Fi, kamera nne na kinasa chake, na simu za wafanyakazi wanane. Hivyo ni vifaa 26, na wageni hawajaingia bado. Kifaa kimoja kati ya hivyo kikiharibika, ofisi nzima inaweza kukwama, na bila programu hakuna atakayejua ni kipi hadi mtu aanze kuchomoa nyaya mmoja mmoja.

Ila kama ofisi yenu ni watu watatu wenye laptopu na ruta moja mliyoletewa na kampuni ya intaneti, msijisumbue. Andikeni paswadi mahali salama, jueni namba ya kupigia mkikatikiwa, basi.

Programu hizi hufanya nini hasa?

Kazi ya kwanza ni kuita. Kila baada ya dakika moja au chache, programu hukiita kila kifaa na kungoja kijibu. Mwito wenyewe unaitwa ping, na uliandikwa na Mike Muuss huko Marekani mwaka 1983. Kifaa kisipojibu mara kadhaa mfululizo, programu inakutumia ujumbe.

Kazi ya pili ni kuuliza habari za ndani: data kiasi gani imepita kwenye tundu la saba la swichi, ruta imechoka kiasi gani, printa imebakiwa na wino kiasi gani. Lugha inayotumika kuulizia inaitwa SNMP. Imekuwepo tangu 1988, na karibu kila swichi ya ofisi inayosimamiwa (managed) na kila printa ya mtandao inaielewa. Swichi za bei ya chini kabisa, zile zisizo na ukurasa wowote wa kuingilia, haziielewi. Ukinunua swichi mpya, huko Luthuli Avenue au kwingineko, muulize muuzaji swali moja tu: inasimamiwa? Hiyo nyongeza ya bei hujilipa mara ya kwanza unapotafuta chanzo cha tatizo.

Kazi ya tatu ni kukumbuka. Programu huchora grafu za jana, wiki iliyopita na mwezi uliopita. Watu hawaijali sana hii, lakini kwangu ndiyo yenye thamani kuliko zote, na nitaeleza kwa nini hapo mbele.

Nianzie wapi kabla ya kuweka programu yoyote?

Anza na daftari, na ninamaanisha daftari la karatasi au faili ya kawaida ya jedwali. Andika kila kifaa, kiko wapi, kinatumia anwani gani ya IP (namba inayokitambulisha mtandaoni), kimechomekwa tundu lipi la swichi, kilinunuliwa lini, na ni nani ana paswadi yake. Nimeingia ofisi ambazo ruta ilikuwa juu ya dari, nyuma ya mbao, na hakuna mfanyakazi aliyewahi kuiona. Programu ghali kuliko zote haiwezi kukuambia kwamba ruta iko juu ya dari.

Ukishaandika vifaa unavyovijua, tafuta vile usivyovijua. Angry IP Scanner ni programu ya bure, nyepesi, na mtu asiye fundi anaweza kuitumia: unaipa mwanzo na mwisho wa anwani, inakuorodheshea vyote vilivyojibu. Anayezoea kuandika amri anaweza kutumia Nmap, ambayo Gordon Lyon aliitoa mwaka 1997 na bado ni bure:

nmap -sn 192.168.1.0/24

Amri hiyo hupita anwani zote za mtandao huo mdogo, ambao una nafasi ya vifaa 254, na kukuonyesha vilivyo hewani. Badilisha namba zilingane na mtandao wenu. Na ukague mtandao wenu tu: Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, na jirani wa ghorofa ya juu hakukupa ruhusa ya kumchungulia.

Karibu kila mara hutokea kifaa kimoja au viwili visivyo na mwenyewe. Mara ni simu ya mfanyakazi aliyeondoka ambaye bado hupita mtaani na Wi-Fi ikamshika, mara ni ruta ndogo iliyoletwa na mtu kutoka nyumbani ili apate mawimbi mezani kwake. Hiyo ruta ndogo ni hatari kweli: ikichomekwa vibaya huanza kugawa anwani zake yenyewe, na nusu ya kompyuta hupotea mtandaoni bila sababu inayoonekana. Iondoe kabla ya kuendelea.

Mwishowe, vipe vifaa muhimu anwani zisizobadilika, yaani ruta, swichi, printa, seva, vifaa vya Wi-Fi na kinasa cha kamera. Programu inayolinda anwani ambayo leo ni printa na kesho ni simu ya karani itakupotosha kila siku.

Ni zipi za bure kweli, na zipi ni bure kwa masharti?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, kwa hiyo nitalijibu kwa marefu.

Uptime Kuma ni programu huria (open source, yaani bure na msimbo wake uko wazi kwa wote) iliyotoka 2021. Kazi yake ni ndogo na huifanya vizuri: huita vifaa na tovuti, huchora mstari wa kijani au mwekundu, na hutuma arifa kwa Telegram, barua pepe na njia nyingine nyingi. Ukurasa wake unaeleweka bila kufundishwa. Haitakuambia nani anamaliza intaneti, kwa sababu haisomi SNMP kwa kina kama wenzake. Ofisi ya vifaa ishirini inaweza kuishi nayo miaka bila kutamani kingine.

The Dude hutolewa bure na MikroTik, kampuni ya Riga, Latvia. Kama ofisi yenu tayari ina ruta ya MikroTik yenye nguvu ya kutosha, na Nairobi zimejaa, unaweza kuiweka ndani ya ruta yenyewe bila kununua kompyuta nyingine. Upande wa kutazama unahitaji Windows. Inakuchorea ramani ya mtandao ambayo hata bosi asiyejua kompyuta anaielewa: kisanduku cha kijani kiko sawa, kikiwa chekundu kuna shida. Ina sura ya kizamani, na masasisho yake ni ya polepole.

PRTG inatoka kwa Paessler ya Ujerumani. Si programu huria, lakini ni bure hadi sensa 100. Hapa watu huteleza. Sensa si kifaa. Sensa ni jambo moja linalopimwa. Ping ya ruta ni sensa moja, data ya tundu moja la swichi ni sensa nyingine. Kifaa kimoja kwa kawaida hula sensa tano hadi kumi, kwa hiyo 100 huisha kwenye vifaa kumi hadi ishirini. Seva yake huwekwa kwenye Windows, na kuiweka ni rahisi mno. Ukishapita 100, leseni hulipwa kwa fedha za kigeni, na bei hiyo inapanda na dola.

Zabbix nayo ni ya Latvia. Alexei Vladishev aliitoa kwa umma mwaka 2001, na yote ni huria: hakuna toleo la bure lililokatwa mikono na toleo kamili la kulipia. Unacholipia ukitaka ni msaada na mafunzo. Ina uwezo wa kulinda vifaa kumi au elfu kumi. Gharama yake ni muda wako. Usishangae ukitumia siku mbili tatu za mwanzo ukisoma tu.

LibreNMS ilichipuka kutoka Observium mwaka 2013, nayo ni huria. Ukiipa anwani ya swichi moja na neno la siri la SNMP, inaweza kugundua vifaa jirani yenyewe, inatambua aina zao, na kuanza kuchora grafu za kila tundu. Kwa ofisi yenye swichi mbili au tatu zinazosimamiwa, hii ndiyo naipenda kuliko zote.

Nagios Core ya 1999 bado ni bure, na mafundi wengi wakongwe waliianzia hiyo. Mipangilio yake huandikwa kwenye mafaili ya maandishi, neno kwa neno. Kwa ofisi mpya siipendekezi, labda fundi wenu awe anaijua tayari.

Kuna kundi jingine: programu za bure zinazokuja na vifaa, kama UniFi ya Ubiquiti na Omada ya TP-Link. Kama vifaa vyenu vyote vya Wi-Fi na swichi ni vya kampuni hiyo moja, tumieni hiyo kwanza. Kifaa cha kampuni nyingine hakionekani humo vizuri, ndiyo kasoro yake kubwa.

Basi ungekuwa wewe, ungechagua ipi?

Vifaa chini ya ishirini na hakuna fundi wa karibu: Uptime Kuma. Vifaa ishirini na kuendelea, swichi zinazosimamiwa, na fundi anayekuja angalau mara moja kwa mwezi: LibreNMS. Ofisi zaidi ya moja, kwa mfano makao Upper Hill na tawi Thika: Zabbix, maana ina msaidizi mdogo unayeweza kumweka tawini akusanye habari na kuzituma makao hata intaneti ikikatika na kurudi.

Inahitaji kompyuta ya namna gani?

Si lazima mpya. Kompyuta ya mezani iliyostaafu, yenye memori ya GB 4 kwenda juu na diski ya SSD, inatosha kabisa kwa LibreNMS au Zabbix ya ofisi ndogo. Weka Ubuntu, mfumo wa Linux unaotumika badala ya Windows, ambao ni bure. Uptime Kuma inaridhika hata na Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya kiganjani, ila usihifadhi data kwenye kadi ndogo ya memori kwa miaka. Programu hizi huandika mchana na usiku, na kadi huchakaa. Tumia SSD ya nje.

Usiiweke kwenye kompyuta ya karani anayeizima saa kumi na moja jioni. Na weka saa yake iwe ya Nairobi kabla ya jambo lolote jingine. Grafu yenye saa ya London ni chanzo cha ubishi usioisha.

Ulisema grafu ndizo zenye thamani. Kwa nini?

Ofisi moja ya wahasibu pale Moi Avenue ilinipigia simu ikilalamika kwamba intaneti hufa kila siku ikifika saa nne asubuhi na kufufuka karibu na saa sita. Walikuwa wameshailaumu kampuni ya intaneti wiki nzima, na tayari walikuwa wamepandisha kifurushi kuwa cha bei kubwa zaidi. Haikusaidia. Nikawawekea LibreNMS kwenye kompyuta kuukuu iliyokuwa stoo, na siku ya pili tukaona tundu moja la swichi linajaa kuanzia saa nne kamili, likitoa data nje kwa nguvu zote.

Tulifuata waya hadi kwenye kompyuta ya hifadhi. Kila siku ilipeleka nakala za mafaili kwenye hifadhi ya mtandaoni. Aliyeipanga aliambiwa "saa nne usiku" na akaandika 10:00. Alitakiwa kuandika 22:00. Kosa hilo liliishi miezi kadhaa ndani ya mipangilio, na hakuna mtu angeliona kwa kutazama tu, maana kompyuta yenyewe ilikuwa ikifanya kazi bila lawama.

Hesabu yake ni rahisi. Kwenye laini inayopandisha (upload) Mbps 10, GB moja huchukua sekunde 800, yaani dakika kumi na tatu na ushee, na laini yote ikiwa yake. Wao walikuwa wakipeleka GB nane hivi. Na njia ya kupandisha ikijaa, hata kushusha hukwama, kwa kuwa kila kipande cha data unachopokea kinahitaji jibu dogo lirudi kusema kimefika. Majibu hayo yanapanga foleni nyuma ya mafaili makubwa. Ndiyo maana kifurushi kikubwa hakikuwaokoa. Tulibadilisha saa, wakarudi kwenye kifurushi cha zamani.

Nitajuaje kama shida ni yangu au ni ya kampuni ya intaneti?

Panga programu iite sehemu nne kwa wakati mmoja, kuanzia karibu kwenda mbali.

Ya kwanza ni ruta yako mwenyewe. Kwa waya, jibu hurudi chini ya milisekunde moja au karibu na hapo. Isipojibu, shida iko ndani ya ofisi: stima, waya, swichi.

Ya pili ni kituo cha kwanza cha kampuni ya intaneti baada ya ruta yako. Amri ya tracert kwenye Windows itakuonyesha anwani yake. Ruta ikijibu na hiki kikanyamaza, faiba au kampuni ndiyo yenye shida.

Ya tatu ni tovuti iliyo kwenye seva ya hapa nchini. Trafiki ya ndani ya nchi hubadilishana KIXP, makutano ya mitandao yaliyoanzishwa Nairobi mwaka 2000, bila kuzunguka ng'ambo.

Ya nne ni seva unayojua kwa hakika iko Ulaya. Wengi hutumia 8.8.8.8 ya Google au 1.1.1.1 ya Cloudflare kama kipimo cha "nje", lakini anwani hizo hujibiwa na seva iliyo karibu nawe zaidi, kwa hiyo zinaweza kujibu haraka huku njia ya baharini imekatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota. Mwenye vipimo vinne siku kama hiyo anaona mara moja: tatu za kwanza ziko sawa, ya nne imelemewa. Hazimi ruta na kuiwasha mara kumi, wala hagombani na mtu wa huduma kwa wateja. Anawaambia wafanyakazi waende na kazi za hapa nchini kwanza.

Ukipiga simu kwa kampuni ukiwa na grafu ya wiki mbili, yenye saa na dakika, mazungumzo hubadilika. Mkataba ukiahidi asilimia 99 ya upatikanaji, ujue hiyo inaruhusu zaidi ya siku tatu na nusu za kukatika kwa mwaka. Asilimia 99.9 ni saa nane na dakika 45 hivi. Soma namba hiyo kabla ya kutia sahihi.

Intaneti ikikatika, arifa itatokaje ofisini?

Haitatoka. Programu iliyo ndani ya ofisi haiwezi kukutumia Telegram kupitia laini iliyokufa, na wengi hugundua hivyo siku ya kwanza wanapoihitaji.

Kuna njia mbili. Moja ni modemu ya USB yenye laini ya simu, iliyochomekwa kwenye kompyuta ya ulinzi (ile uliyoiwekea programu ya kusimamia mtandao), ili itume SMS moja kwa moja. Laini iwe ya kampuni tofauti na ile inayowapa intaneti, na mtu akumbuke kuiwekea salio. Njia ya pili ni kugeuza mwito: weka Uptime Kuma ya pili nje ya ofisi, kwenye seva ndogo ya kukodi, nayo ingoje salamu kutoka ofisini kila dakika. Salamu zikikoma, yeye wa nje ndiye anayepiga kelele. Mimi hupendelea hii ya pili kwa sababu hunijulisha hata kompyuta ya ulinzi yenyewe ikifa.

Usitegemee njia moja ya arifa. Novemba 2024, wakati wa mitihani ya KCSE, watu wengi nchini walishindwa kuipata Telegram. Aliyekuwa na barua pepe au SMS pembeni hakuhisi kitu.

Na stima ikipotea?

Weka kwenye UPS, ile betri ya akiba, vitu vinne: kisanduku cha faiba, ruta, swichi kuu na kompyuta ya ulinzi. Printa ya leza usiiweke, itaimaliza kwa dakika chache au kuizima kabisa. Kwenye mipangilio ya kompyuta ya ulinzi, ile unayoiingia kabla Windows au Ubuntu haijaanza, chagua iwake yenyewe stima inaporudi. Nimeona ofisi iliyokaa mwezi mzima bila ulinzi kwa sababu kompyuta ilizimika Jumapili na hakuna aliyebonyeza kitufe.

UPS nyingi zina waya wa USB. NUT, programu ya bure, huusoma na kukuambia betri imebaki na nguvu kiasi gani. Betri hizo huzeeka miaka mitatu hadi mitano, basi andika tarehe ya kununua juu yake kwa kalamu isiyofutika.

Arifa ni nyingi, nimezinyamazisha. Nifanyeje?

Umefanya walichofanya wote. Arifa ibaki kwa vitu ambavyo, vikifa, mtu atainuka kitini: ruta, intaneti, swichi kuu, seva, na mashine ya kaunta. Printa ikizima Jumamosi haina haja ya kukuamsha. Pili, usikubali arifa kwa mwito mmoja uliokosa jibu. Ngoja mitatu mfululizo. Tatu, iambie programu kwamba vifaa vyote viko nyuma ya swichi kuu, ili swichi ikifa upate ujumbe mmoja badala ya thelathini. Zabbix na LibreNMS zote zina mpangilio huo.

Wi-Fi yetu husumbua ingawa programu inaonyesha kila kitu kijani.

Mara nyingi ni msongamano wa hewani. Kwenye jengo la ghorofa kumi mjini, Wi-Fi za majirani arobaini hugombania nafasi ile ile. Kwenye masafa ya GHz 2.4 kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Hamisha laptopu zote zinazoweza ziende GHz 5, na kompyuta za mezani zirudi kwenye waya. Hakikisha waya wenyewe ni wa shaba tupu. Ile ya bei nafuu yenye aluminiamu iliyopakwa shaba hukatika ndani na kupoteza nguvu, nawe utamtafuta mchawi pasipo na mchawi. Waya mmoja usizidi mita 100.

Naweza kuona wafanyakazi wanatazama nini?

Programu nilizozitaja huonyesha kiasi cha data, hazionyeshi maudhui. Tovuti nyingi siku hizi zimefungwa kwa usimbaji, kwa hiyo hata fundi haoni kilichoandikwa ndani. Programu kama Pi-hole, inayojibu majina ya tovuti kwa ofisi nzima, inaweza kuonyesha kompyuta fulani imeuliza tovuti gani, na hapo umeingia kwenye habari za mtu binafsi.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu. Waambie wafanyakazi kwa maandishi mnachokusanya, kwa sababu gani, na mtakihifadhi kwa muda gani. Data ya watu ikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, unatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ulipojua. Ushauri wangu wa moyoni: tumia mtandao kulinda mtandao. Kama una shaka na utendaji wa mtu, kaa naye mzungumze.

Programu yenyewe haiwezi kuwa mlango wa wezi?

Inaweza, na ni mlango mzuri sana kwao, kwa sababu ina ramani yote. SNMP ya toleo la 1 na 2c hutuma neno la siri wazi, na vifaa vingi hutoka dukani neno hilo likiwa "public". Libadilishe siku ya kwanza. Kifaa kikiielewa SNMP toleo la 3, tumia hilo, maana lina usimbaji. Ruhusu kusoma tu, usiruhusu kuandika. Usifungue ukurasa wa Zabbix kwa dunia nzima ili uuone ukiwa nyumbani, pitia VPN, yaani njia iliyofungwa ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa nje. Sasisha programu kila mwezi. Na mkiwa kwenye kukagua, hesabuni pia kompyuta zenye Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Kwa jumla itanigharimu nini?

Leseni: sifuri, ukichagua za huria. Kompyuta: pengine sifuri, iko stoo. Seva ndogo ya nje hulipiwa kila mwezi, na ukilipia huduma ya kigeni kumbuka VAT ya asilimia 16. Gharama halisi ni saa za mtu. Kwa ofisi ya vifaa thelathini mimi hutumia siku moja kuandika daftari na kupanga anwani, siku moja kuweka programu, na nusu siku wiki ya pili kupunguza arifa. Baada ya hapo saa mbili kwa mwezi. Fundi anayekuambia ataweka yote kwa saa moja na kuondoka atakuwa amekuwekea programu, lakini hatakuwa amekuwekea ulinzi.

Ndiyo maana wakati mwingine programu ya kulipia huwa nafuu kuliko ya bure. Kama PRTG inamwokoa mhasibu wenu siku tatu za kuhangaika na Linux asiyoijua, hesabuni mshahara wake wa siku tatu kwanza.

Nikimpa fundi kazi hii, nidai nini kabla sijamlipa?

Daftari la vifaa, likiwa kamili. Paswadi zote, kwa bahasha, zikiwa mikononi mwa mwenye ofisi. Nakala ya mipangilio ya ruta na swichi. Akaunti zisajiliwe kwa barua pepe ya ofisi, kamwe si ya fundi. Nimewahi kuitwa ofisi ambayo fundi wa awali aliondoka na kila kitu kichwani mwake na simu yake haikupatikana tena. Tulilazimika kufuta mipangilio ya vifaa vyote na kuanza upya, na wafanyakazi walikaa bure kuanzia asubuhi hadi jioni.

Kisha mwambie achomoe waya wa swichi mbele yako. Simu yako isipolia ndani ya dakika tano, kazi haijaisha.

Tunahama ofisi mwezi ujao. Tusubiri?

Wekeni sasa. Mkishahama, mtakuwa na grafu za jengo la zamani za kulinganisha na jipya, na hapo mtajua kama laini mpya kweli ni nzuri kama mlivyoahidiwa. Siku ya kuhama, kabla ya mtu yeyote kugusa kebo, piga picha ya swichi kwa karibu, matundu yote yaonekane, halafu funga karatasi yenye namba kwenye kila waya.